Ijara ya Forodha ya Unguja

Kwa muda wa karibu miaka 70 ya karne ya 19, dola ya Unguja, iliyodai utawala wa pwani toka Warsheikh katika Banadiri hata karibu na Rasi Delgado, haikukusanya ushuru wake kwa mkono wake yenyewe. Forodha za visiwani na za barani zilikodishwa kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye kwa ahadi ya kuipa hazina ya Seyyid, mtawala wa Unguja, kiasi maalumu cha riali kila mwaka alipata haki ya kuweka mawakili wake bandarini, kupima, kuhesabu, kuandika na kutoza. Kilichozidi ahadi hiyo kikawa mali yake, na kilichopungua kikawa hasara yake. Jambo hili halikuzuliwa Unguja. Maskati ilikuwa nalo, Waturuki walilifanya katika himaya yao kwa karne nyingi, na wafalme wa Ufaransa walikusanya kodi zao kwa njia hiyo hiyo hata Mapinduzi yalipoikomesha, na mwaka 1794 wakodishaji wengi wakapelekwa kukatwa vichwa mjini Paris kwa siku moja, akiwamo Lavoisier, mwanakemia mashuhuri, ambaye elimu yake haikumfaa kitu mbele ya watu waliokuwa wamechoshwa na hesabu zake.

Wanahistoria wameitaja ijara hii mara nyingi, aghalabu kwa kuuliza nani aliipata na kwa kiasi gani. Swali hilo si baya, ila naliona dogo, kwa maana kupewa ni jambo la siku moja, ilhali kinachoamua kama serikali imefaidika au imefilisika ni yale yanayokuja nyuma ya siku hiyo: nani ashike daftari, nani alikague, fedha itangulizwe kwa sharti gani, mambo yakigeuka katikati ya muhula nani abebe hasara, na muhula ukiisha nani ana uwezo wa kusema basi. Maafisa ununuzi wa Dodoma na wa Nairobi wana istilahi za hayo yote: dhamana ya utekelezaji, malipo ya awali, mabadiliko ya mkataba, nyongeza ya muda, usitishaji, nao huenda wakadhani kwamba elimu hiyo ilishuka juzi pamoja na sheria za ununuzi wa umma. Lakini katika mambo hayo sioni hata moja ambalo Seyyid Said na wanawe hawakulionja, na mengine waliyaonja kwa uchungu.

Nyumba iliyoishika ijara kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya Shivji Topan, Bhatia wa Mandvi katika nchi ya Kachi, mmoja wa wale Wahindi ambao pwani yote iliwaita Mabaniani, na ambao walikuwa wamekwisha zoeana na watawala wa Albusaidi tangu Maskati, kabla Unguja haijajulikana kwa karafuu. Seyyid Said alipofika Unguja mara ya kwanza, mwaka 1828, nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kujikita forodhani; na katika miaka ya 1830 mtoto wa Shivji, Jairam, aliyezaliwa mwaka 1792, akawa ndiye mwenye forodha, mtu ambaye nahodha wa Kimarekani au wa Kiingereza hakuweza kushusha robota wala kupakia pembe za ndovu pasipo yeye. Jengo lake la kazi halikuwa na fahari yoyote, kwani lilikuwa banda la makuti ufukweni, likinuka sandarusi, karafuu na papa mkavu. Jairam aliporejea Kachi, kazi iliendeshwa na Ladha Damji kwa niaba ya nyumba, naye ndiye ambaye Burton, msafiri Mwingereza, alimkuta mwaka 1857 akimsaidia kupata vitu vya safari yake ya kwenda maziwa makuu. Jairam alifariki mwaka 1866, lakini jina lake lilibaki katika hati kama kwamba yu hai, maana lililofunga mkataba na Seyyid lilikuwa jina la nyumba.

Mambo ya msingi ya mapatano yalikuwa machache: kiasi cha mwaka, eneo la forodha, na muhula, ambao katika nusu ya pili ya karne ulizoeleka kuwa wa miaka 5. Mengine yaliachiwa ada na heshima baina ya watu wawili waliofahamiana. Wala malipo yenyewe hayakuwa magunia ya riali yaliyochukuliwa kwa hamali hadi kwenye jumba la mfalme siku ya mwisho wa mwaka. Seyyid alipohitaji kulipa askari, kutengeneza merikebu, kumkirimu mgeni au kumtuliza ndugu aliyekasirika, aliandika waraka kwa mwenye forodha, naye mwenye forodha akalipa na kuandika katika daftari lake. Na mwisho wa mwaka yakahesabiwa yaliyochukuliwa na kutolewa katika yale yaliyoahidiwa. Maadamu yaliyochukuliwa yalikuwa machache kuliko yaliyoahidiwa, hapakuwa na neno. Siku yalipozidi, na yalizidi mapema, mkodishaji aligeuka kuwa mkopeshaji.

Hapa ndipo ijara ya Unguja ilipokuwa kinyume cha mikataba tuijuayo. Katika mikataba yetu serikali humtangulizia mkandarasi sehemu ya fedha ili aanze kazi, na kwa kuwa inamtangulizia humtaka alete mdhamini, asije akatoweka na fedha hiyo. Unguja, karadha ilitoka kwa mkandarasi ikaenda kwa serikali, na dhamana nayo ikageuka ikafuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa rehani pekee ambayo Seyyid angeweza kumpa mdai wake ilikuwa ni forodha yenyewe. Mkodishaji asiyelipwa deni lake hawezi kuondolewa, kwa sababu atakayemwondoa sharti amlipe kwanza. Na mfalme anayekopa kila mwaka hawezi kulipa. Hivyo kila muhula ulipokwisha, kulikuwa na mazungumzo, na pengine kiasi kiliongezwa, lakini mlango wa kumpa mtu mwingine ulikuwa umefungwa kwa kufuli la deni. Nyumba moja ikaishika kazi ya dola kwa zaidi ya nusu karne bila ya mtu yeyote kupata kusema kwamba amepewa milele.

Tena daftari lilikuwa lake. Seyyid alikuwa na makarani wenye kuandika Kiarabu kizuri, lakini hesabu za forodha ziliandikwa kwa mwandiko wa Kigujarati, na waliokuwa wakizisoma walikuwa watumishi wa yule yule aliyekuwa akikaguliwa. Mizani ilikuwa yake pia. Pembe zilitozwa kwa frasila, nazo hazikutozwa sawasawa, kwani zile za Unyamwezi zilizoshukia Mrima, pwani inayokabili Unguja, zililipiwa zaidi kuliko za Kilwa. Kwa hiyo haikutosha kujua uzito, ilipasa kujua asili, na asili ya pembe haisemi. Alitegemewa wakili wa Bagamoyo, wa Pangani, wa Mombasa au wa Lamu aseme kweli, na aghalabu wakili huyo alikuwa Baniani mwenzake mwenye duka lake karibu na forodha. Fauka ya hayo, mwenye forodha mwenyewe alikuwa mnunuzi wa pembe na muuzaji wa nguo za merikani, hivi kwamba mkono uliopima ushuru ndio uliofunga biashara. Wageni wengi wa Kizungu wameandika kwamba Mabaniani walimwibia Sultani. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa haraka. Mtu aliyeahidi kiasi fulani na akakilipa, kisha akabaki na ziada kama mapatano yalivyosema, hakuiba. Na mwenye mali asiyejua forodha yake inaingiza nini kwa mwaka ameyapenda mapumziko kuliko elimu ya mali yake, na mapumziko yana bei. Seyyid Said alikuwa mtu hodari wa vita, bahari na mashamba. Kwa hesabu za ushuru aliona afadhali kujua kiasi kimoja tu kisichobadilika kuliko kujua elfu zinazobadilika kila kusi na kaskazi.

Mageuzi ya kwanza makubwa yaliyouingilia mkataba huu yalitoka mbali. Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, aliandikiana mapatano na Seyyid Said kwamba bidhaa za Wamarekani zitatozwa ushuru wa asilimia 5 tu, pasipo ada nyingine ya bandari. Waingereza wakapata yao mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844. Sasa mfalme aliyekodisha forodha yake anapofunga mkono wa mkodishaji kwa mapatano na mtu wa tatu, je, hajabadilisha kitu alichokikodisha? Jairam hakwenda kulalama. Richard Waters wa Salem, ambaye pia alikuwa mfanyabiashara, alipofika mwaka 1837 kuwa balozi wa Marekani, yeye na Jairam walielewana vizuri mno, na kwa miaka kadhaa biashara ya Wamarekani ikapita mikononi mwao kiasi kwamba wafanyabiashara wengine wa Kizungu walipiga kelele kuwa hawapati mashua, hawapati hamali, wala hawapati mnunuzi. Asilimia 5 ilibaki asilimia 5 kama hati ilivyosema. Ila mwenye kushika mashua, mizani na hamali ana njia nyingi za kufidia alichopunguziwa. Na upande wake Seyyid naye aliulinda mkataba wake kwa busara aliyokuwa nayo, akasisitiza kwamba pembe na sandarusi za Mrima zisinunuliwe huko huko na Waingereza, jambo lililoandikwa katika mapatano ya 1839, ili mali hizo zisipite pasipo kuonja forodha ya Unguja.

Mageuzi ya pili yalihusu jambo ambalo kalamu huona haya kuliandika pamoja na pembe na karafuu, lakini daftari halikuona haya. Watumwa walioshushwa kutoka Kilwa, maelfu kwa maelfu kila mwaka, walitozwa kwa kichwa, na ushuru wao ulikuwa sehemu ya bei ya ijara. Mapatano ya 1845, yaliyoanza kazi mwaka 1847, yalikataza kuwapeleka nje ya milki za Afrika za Seyyid. Na Juni 1873, baada ya Sir Bartle Frere, mjumbe wa Kiingereza, kuja na kuondoka mikono mitupu, na balozi John Kirk kutishia kuizingira Unguja kwa manowari, Seyyid Barghash aliridhia kufunga soko na kukataza kabisa kuwasafirisha kwa bahari. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeng'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzamisha merikebu za Seyyid bandarini, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Wanavyuoni wa fiqhi wana mjadala mrefu juu ya jaiha, yaani afa iharibuyo matunda baada ya kuuzwa, kama hasara yake ni ya muuzaji au ya mnunuzi. Na mawakili wa siku hizi wana ibara yao ya nguvu isiyozuilika. Lakini kimbunga na manowari havilingani. Kimbunga hakiamriwi na mtu, na haki ya biashara ile haikuwa haki kamwe, kwa hiyo aliyeikodisha hakupoteza kitu ambacho kingeweza kuitwa mali yake. Ningependa kusema kwamba wenye forodha waliiona hivyo. Wao waliona mstari umefutwa katika daftari kabla muhula wa miaka 5 haujakwisha.

Turudi kwenye deni, kwa kuwa ndilo lililotawala. Seyyid Said alipofariki baharini, Oktoba 1856, milki yake iligawanyika baina ya wanawe, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, akaamua kwamba Unguja ijitenge na Maskati, lakini iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Fedha hiyo ingetoka wapi ila forodhani? Seyyid Majid, mpole wa tabia na mwenye azma kubwa kuliko mfuko wake, alijenga mji mpya barani na kuuita Dar es Salaam, na ujenzi hauli maneno. Ijara iliyokuwa karibu riali laki mbili kwa mwaka katika 1859 ilipanda ikapita laki tatu katika miaka ya 1860, lakini kila ilipopanda, matumizi yalikuwa yamekwisha itangulia. Majid alipokufa Oktoba 1870, nyumba ya Jairam ilimdai zaidi ya laki tano.

Barghash, ndugu yake aliyerithi kiti, hakuwa mtu wa kupokea daftari la mwingine bila ya kubisha. Hoja iliyokuwapo ilikuwa nzito kuliko fedha zenyewe, nayo ni kama deni lile lilikuwa la Majid bin Said, mtu aliyekufa na kuacha warithi na mirathi, au lilikuwa la dola ya Unguja, ambayo haifi. Mkodishaji alikuwa na jibu lake tayari, kwa kuwa nyumba yake haikufa Jairam alipokufa, na alitaka kiti kihesabiwe kama nyumba. Na nani angeamua? Kadhi wa Unguja asingeweza, kwa sababu watu wa Kachi walikuwa raia wa mfalme aliyekuwa chini ya himaya ya Kiingereza, na tangu siku za balozi Rigby, aliyewalazimisha Wahindi kuwaacha huru watumwa wao katika mwaka 1860, balozi wa Kiingereza alikuwa akidai kuwa kesi zao ni zake. Hivyo mkataba uliofungwa baina ya mfalme na mkazi wa mji wake ulikuwa umegeuka, pasipo herufi moja kubadilishwa, ukawa mkataba baina ya mfalme na mtu mwenye manowari nyuma yake. Mwishowe nyumba ya Jairam ilikubali kulipunguza dai lake kwa kiasi kikubwa, na ijara ikabaki mikononi mwake kwa muhula mwingine. Yeyote aliyewahi kusimamia kazi ya serikali atalitambua jambo hilo: mkandarasi husamehe sehemu ya dai, na msamaha huo hulipiwa kwa kuongezewa muda.

Lakini Barghash alikuwa amepata kitu ambacho baba yake na ndugu yake hawakuwa nacho, nacho ni deni dogo, na deni dogo ni uhuru wa kuchagua. Mwaka 1876 ijara ilikwenda kwa Taria Topan, Khoja wa Kiismaili kutoka Kachi, aliyekuja Unguja kijana na kupanda hata akawa mwenye mali mashuhuri, yule ambaye baadaye Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir. Taria aliahidi riali laki nne na nusu kwa mwaka; na mwaka 1880 nyumba ya Jairam ilirudi kwa kuahidi laki tano. Hesabu hizi zastahili kuangaliwa mara mbili. Soko la watumwa lilikuwa limekwisha fungwa, mikarafuu ya Unguja ilikuwa imeanguka, na bado forodha ilikodishwa kwa bei ambayo Majid asingeiota. Ni kweli biashara ilikuwa imekua: mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, meli za barua za British India zikafika kuanzia 1872, mpira wa barani ukaanza kutakiwa, na karafuu za Pemba zikajaza pengo. Hata hivyo, sehemu ya ongezeko hilo, kwa maoni yangu, ilikuwapo zamani. Ilikuwa ikienda kwa mkodishaji kwa sababu hapakuwa na mkodishaji wa pili wa kumuuliza inakokwenda. Mwaka 1886 Barghash aliikomesha ijara na kuzitwaa forodha mwenyewe.

Hakukaa nazo. Mwaka ule ule Waingereza na Wajerumani walikaa wakampimia milki yake, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 pamoja na vituo vichache vya Banadiri, na walioupata upande wa ndani wakataka mlango wa baharini. Tarehe 24 Mei 1887 Barghash aliwapa watu wa William Mackinnon, mfanyabiashara wa Kiingereza, haki ya kuendesha pwani toka mto Umba hata Kipini kwa muda wa miaka 50. Naye alipofariki Machi 1888, Seyyid Khalifa, aliyemfuata, akatia saini tarehe 28 Aprili hati ya namna hiyo hiyo kwa Kampuni ya Kijerumani, toka Umba hata Ruvuma, miaka 50. Kazi zilifanyika kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, na kampuni ilipaswa kumpa Sultani mapato ya forodha kwa kiasi kitakachokadiriwa baada ya kuonekana mwaka wa kwanza unaleta nini. Mtu aliyezijua ijara za zamani angeisoma hati hiyo na kudhani anamwona Jairam aliyevaa kofia. Tofauti ilikuwa kubwa mno, hata hivyo. Jairam alikodi ushuru peke yake. Kampuni ilikodi ushuru pamoja na mahakama, ardhi na vyeo vya maliwali. Na Jairam alifahamika na kila mwenye jahazi, lakini hati ya 1888 iliandikwa Unguja baina ya watu wachache, na watu wa Pangani walipata habari zake siku maofisa walipofika kuitekeleza.

Siku hiyo ilikuwa katikati ya Agosti 1888. Hati ilitaja bendera ya Sultani; afisa wa kampuni aliyetumwa Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe pia, na liwali akakataa kwa kuwa hakuwa na amri ya bwana wake. Wanaosimamia mikataba hujua kwamba ugomvi mwingi huanzia hapo, katika mpaka kati ya lililoandikwa na lile ambalo mwenye kutekeleza anajiona anastahili. Nyuma ya bendera kulikuwa na mambo yaliyogusa matumbo: maliwali, maakida na majumbe waliokuwa na fungu lao katika mapato ya pwani, misafara iliyokuwa na mila zake, ardhi ambazo kampuni ilitaka ziandikishwe. Hapana mmoja katika hao aliyeulizwa, na hapana mmoja aliyetajwa katika hati. Abushiri bin Salim akaongoza Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, na kufikia mwisho wa Septemba kampuni ilikuwa imefukuzwa karibu kila bandari isipokuwa Bagamoyo na Dar es Salaam. Kampuni iliyoshindwa kutekeleza mkataba wake haikuuvunja. Serikali yake ilimleta Hermann von Wissmann na askari, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka 1890 Ujerumani ikaununua ukanda ule kabisa kwa marki milioni 4. Miaka 50 ikawa imekwisha ndani ya miwili.

Upande wa kaskazini mambo yalikwenda kwa upole zaidi, na kwa hesabu ya ajabu zaidi. Kampuni ya Mackinnon, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, ilijitumbukiza katika habari za Uganda mpaka ikakaukiwa, na mwaka 1895 serikali ya Kiingereza ikaamua kuitwaa nchi na kuilipa kampuni pauni 250,000. Katika hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha ya Sultani wa Unguja, zile zile alizopata kwa kuuza pwani ya kusini kwa Wajerumani, maana Unguja ilikuwa imekuwa himaya ya Kiingereza tangu 1890 na hazina yake ilikuwa chini ya waziri Mwingereza, Lloyd Mathews. Kisha Desemba 1895 ikaandikwa kwamba Waingereza watamlipa Sultani pauni 17,000 kila mwaka kwa ukanda ule: pauni 11,000 ni kodi, na pauni 6,000 ni faida ya asilimia 3 juu ya zile laki mbili zake mwenyewe. Zamani mkodishaji alimkopesha mwenye nyumba ili asitolewe. Safari hii mwenye nyumba alitoa fedha ili mpangaji mmoja aondoke na mwingine aingie, na yule aliyeamua atoe ndiye aliyekuwa akiingia. Sijapata kuona mahali pengine ambapo karadha ilizunguka kwa ustadi kama huo.

Kodi hiyo ililipwa kwa miaka 68. Ukanda wa maili 10 ukaitwa Himaya ya Kenya kuanzia 1920, tofauti na Koloni lililokuwa nyuma yake, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mpaka uhuru ulipokaribia na watu wa pwani wakagawanyika, wengine wakidai kujitawala kwa sababu wao walikuwa wa Sultani, si wa Malkia. Oktoba 1963 mjini London mapatano ya 1895 yalifutwa kwa saini za Uingereza, Sultani Jamshid na serikali za Kenya na Unguja, na ukanda ukaunganishwa na Kenya tarehe 12 Desemba. Lakini kabla ya kufutwa, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa nchi hizo mbili, walikuwa wameandikiana barua ambazo ndani yake Kenya iliahidi mambo machache yatakayodumu hata baada ya kodi kukoma: hati za ardhi za pwani zitaheshimiwa, Waislamu watakuwa huru katika dini yao, na mahakama za kadhi zitalindwa. Mahakama hizo ziliwekwa katika katiba ya uhuru, zikazusha mabishano makali wakati katiba mpya ilipokuwa ikiandikwa, na zikaingia tena katika katiba ya 2010, ibara ya 170, ambako zinafanya kazi hadi leo.